Vifaranga wa Siwema

Siwema aliona macho kwanza: vitone vyeusi viwili viwili, vikielea katika ndoo ya maji ya chumvi kana kwamba havina mwili. Vifaranga wa kamba wa mapambo walikuwa hai bado, wiki ya saba sasa.

Kwa sheria, mke hakupewa kibali cha kuzaa mpaka akuze vifaranga hao nyumbani, waache kuelea na wasimame kwa miguu yao. Wa Siwema walikuwa wamekufa mara mbili, na mtaa mzima ulimwonea huruma.

Mama mkwe wake, Bi Kidawa, aliinamia ndoo akacheka. "Mtazame yule, kasimama kama askari wa gwaride! Kesho mkaguzi atagonga muhuri tu."

"Mbona wamenenepa?" Siwema aliuliza. Siku nne hakuwa amewatilia chakula.

"Nawalisha mimi kila alfajiri. Nilikuona umechoka, mwanangu. Mkaguzi asijue."

Kisha akafungua pindo la kanga, akamwekea mkononi kofia ndogo ya sufu ya mtoto mchanga, aliyoifuma mwenyewe.

Siwema aliiweka kofia ile kando ya ndoo.

"Mama," akasema, "wale wa kwanza niliwaua kwa njaa. Na wa pili pia. Mimi sitaki kuzaa."