Mkanda wa Msabaha

Mwajabu, katibu wa chama kipya cha mbio za magari, aliuvuta mkanda wa kiti cha Msabaha. Ukachomoka.

"Hushindani leo."

"Dada, mkanda tu! Kule barabarani tulikokuwa tukishindana, nani aliuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana tulikuwa tunazikana."

Msabaha akawasha gari. "Jamani, turudi barabarani kwetu!"

Injini zikaitikia nyuma yake. Kama wote wangeondoka, chama kingekufa siku ileile ya mbio zake za kwanza. Mwajabu alisimama mbele ya bampa.

Ndipo Kiwelu, mpinzani wa Msabaha, akashuka na spana na mkanda wa akiba.

"Zima gari, bingwa. Ukiondoka, nitamtambia nani?"

Msabaha alishika ufunguo bila kuugeuza. Nyuma yake, mmoja wa waliokuwa tayari kumfuata akazima injini.