Alichokalia Mama Mkwe

Mwanamume mwenye akili timamu hachungulii alichokalia mama mkwe wake. Onesmo alikuwa nazo timamu hadi asubuhi hiyo. Sasa alikuwa amejibanza kando ya dirisha la karakana, shingo imemrefuka, akichungulia.

Puli yake ya mbao, mfano wa gurudumu la mashine, ilikuwa imetoweka. Wiki nzima aliichonga kwa mninga, akaizidisha unene kidogo kwa kuwa aluminiamu ikipoa husinyaa. Dastan, fundi wa tanuru, angeifukia mchangani, aitoe, kisha amimine aluminiamu kwenye alama yake, na mashine ya kusaga ya Kiloleli ingeamka tena. Jana puli ilikuwa mezani. Leo, aliposikia mama mkwe ameshuka stendi ya Bariadi, Onesmo alifagia karakana mbiombio, akazoa maranda na vipande vya mezani akavimwaga kwenye sanduku la kuni, zinakoishia puli zilizokwisha kazi. Akakimbia kubadili shati. Aliporudi, meza ilikuwa tupu.

Na mkwewe, Mama Ng'washi, alikuwa uani, kitenge kimemfunika hadi chini, amekalia kitu cha duara.

Simu ikaita. "Fundi, tanuru limekolea," Dastan alisema. "Puli iko wapi?"

"Iko kwa mtu mzito," Onesmo alinong'ona. "Nivumilie kidogo."

Amwombe anyanyuke? Mama mkwe hata macho hakaziwi. Amtume mkewe, Benedikta? Mama angejua mkwe wake alikuwa anatazama wapi, na aibu hiyo ingefika kwao Mwamapalala kabla mwenyewe hajapanda basi. Onesmo aliona heri Dastan amtukane.

Akafungulia mbuzi, wakauendea mzigo wa michembe, viazi vikavu, aliokuja nao mgeni. Mama Ng'washi akawatimua kwa fimbo, amekaa vilevile.

"Shenzi!" akawaambia mbuzi. Onesmo akahisi ameambiwa yeye.

Akaingia jikoni. "Mpikie mama upesi, akale ndani."

"Mkaa umelowa, Baba Justa."

"Si kuna kuni karakanani? Choma sanduku zima, mradi ugali uive!"

Benedikta alicheka kwa furaha. Tangu aolewe hajawahi kumwona mumewe akimhangaikia mama yake namna hii. Muda si muda harufu ya sato ikajaa ua mzima, na Onesmo akajipongeza kimoyomoyo kwa werevu wake.

Hatimaye mgeni akaitwa mezani. Akajikusanya, akanyanyuka polepole, akakung'uta kitenge, akaingia ndani. Onesmo akatoka mbio.

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, zawadi aliyomletea binti yake.

"Baba Justa, karibu ule!" Benedikta aliita kutoka jikoni. "Ila ile puli iliyokuwa juu kabisa sandukuni, mbona uliitupa ingali nzuri? Imewaka hiyo!"