Bango la Kocha Gaspar

Loveness alikuwa amepiga magoti juu ya shuka, brashi mkononi, akijaza rangi nyekundu kwenye herufi ya mwisho ya jina la kocha. Shuka lilitandazwa barazani nyuma ya kantini ya chuo, huko Chanika, kila pembe imekandamizwa kwa nusu tofali. Badru, kinyozi wa getini na mpiga ngoma wa timu, ndiye aliyechora maneno kwa mkaa: KOCHA GASPAR IMETOSHA.

"Shuka la kitanda cha sita kwa sita hili," alisema Anastasia, mwanafunzi wa mwaka wa pili, akilivuta lisikunjike. "Kitanda chote hicho unalala na nani, shoga?"

"Nalala ukingoni."

Wakacheka. Loveness hakucheka. Alichovya brashi, akaendelea.

Timu ya chuo ilikuwa imeanza msimu kwa kishindo, watu wakaanza kuota kombe. Kisha, sijui jini gani likaingia, ikawa kufungwa tu. Sasa msimu ulikuwa umefika nusu na timu inaburuza mkia. Jumamosi hiyo asubuhi kocha alikuwa ametoa tamko: wakifungwa tena kesho, wachezaji wote wanaingia kambini, na yeye mwenyewe atahamia nao bwenini mpaka ligi iishe.

"Kambi ndiyo dawa," Badru alisema. "Labda."

"Kambi siyo dawa," Loveness alimkata. "Kocha aondoke kabla ya kambi. Kesho mkuu wa chuo anakuja uwanjani. Akiliona bango hili, akiona hata mashabiki wamechoka, atamwachisha kazi siku hiyohiyo."

Alikuwa mgeni kati yao. Alianza kuja mechi zilipokuwa zimeshika kasi, akitokea Temeke, na siku za kwanza hakujua hata kuotea ni nini. Alijifunza polepole, kwa kutazama na kuuliza, bila haraka. Siku hizi akisema beki wa kushoto anachelewa kurudi, hata Badru anayejiona mwalimu wa mpira anaitikia. Ila kwa kocha hakuwa na huruma.

"Mie namwonea huruma," alisema Anastasia. "Anawapenda wale vijana, jamani. Namba za viatu vyao zote anazo kichwani. Kipa alipougua juzi, kocha kaingia jikoni kamkorogea uji."

Brashi ilisimama. "Uji?"

"Wa ulezi. Kakoroga mwenyewe, kaupoza mwenyewe."

"Kumbe anajua kukoroga uji," Loveness alisema taratibu, kisha akaikandamiza brashi mpaka rangi ikatoka nje ya mstari.

"We, utaniharibia herufi!" Badru alimnyang'anya brashi, akafuta kwa kitambaa. "Hasira zote hizi za nini? Mtu huyo kakukosea nini?"

"Hana macho. Mie nakaa nyuma yake mechi zote, napiga makofi, napiga kelele. Hajageuka hata mara moja."

"Ageuke akutafute nini wewe?" Anastasia alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mtu anafungwa tatu bila, ageuke kutazama wanawake?"

Badru naye alicheka, kisha akamtazama Loveness kwa jicho la mtu aliyeng'amua jambo. "Subiri kwanza. Nimekujua. Wewe una mtu wako pale benchi. Ni Allen, eh? Tangu kocha amtoe kikosini, wewe ndiyo umezidi makali. Huo ni wivu, dada. Unataka wako acheze."

"Allen!" Anastasia alipiga kofi. "Ndiyo maana siku ile alipoingia dakika za mwisho ulisimama!"

Loveness aliinamisha kichwa. Hakukataa wala hakukubali, na wao wakaichukua aibu yake kuwa ndilo jibu. Ni kweli wivu ulikuwa unamtafuna. Ulikuwa naye akiamka, ukawa naye akilala, na kila timu ilipofungwa uliongezeka, maana baada ya kufungwa mazoezi yalirefushwa, na sasa kambi hiyo ilikuwa mlangoni. Wakiingia bwenini, imekwisha. Hatamwona tena mpaka ligi iishe.

"Basi usijali," Badru alisema kwa upole, kama mtu anayefariji mgonjwa. "Akija kocha mwingine, Allen wako atarudi kikosini."

Alipoinamisha kopo, hakikutoka kitu. Rangi ilikuwa imekwisha, na neno IMETOSHA lilikuwa bado la mkaa mtupu.

"Tukanunue nyingine," Loveness alisema.

"Wapi, saa hizi? Duka limefungwa. Tutamalizia kesho asubuhi, mechi si jioni?" Badru alirudi nyuma hatua chache kulitazama bango, akajikuna kidevu. "Ila mnaona? Kwa sasa linasomeka kama tunamshangilia."

Loveness alilitazama lile jina jekundu, peke yake katikati ya shuka jeupe. Alilitazama kwa muda.

"Kesho mapema," alisema. "Mapema sana, kaka Badru. Nakuomba."

Alipofika Temeke, taa za mtaani zilikuwa zimekwisha kuwaka. Uani alisugua vidole kwa mafuta ya taa mpaka wekundu ukatoka, akanawa kwa sabuni, kisha akapakua wali na maharage kwenye sahani mbili. Akaufungua mlango wa sebuleni kwa kiwiko.

Kocha Gaspar alikuwa ameiinamia meza, akisogeza vifuniko vya soda kimoja kimoja, vingine kushoto, vingine kulia.

"Mke wangu," alisema bila kuinua macho, "chakula tuweke mkekani. Hapa mezani kuna timu."