Mlinzi wa Pampu

Huko chini ya nyumba, pampu ya kutoa maji ya ardhini ilinguruma kabla Arlene hajamaliza kulivuta sanduku la nguo kutoka chini ya kitanda.

"Umeisikia?" Wendell alipaza sauti kutoka kwenye ngazi. Alipanda akihema, mikono ya shati imelowa hadi viwikoni. "Maji yanakuja, mama. Na wewe unataka kusafiri."

"Mvua haijanyesha wiki nzima, mzee."

"Ardhi ya mji huu wa Parma haimezi ikasahau. Inameza Jumatatu, inatapika Ijumaa."

Arlene alikaa kitandani. Trish, mtoto wao wa pekee, alikuwa Arizona na mimba ya miezi tisa, ya kwanza kufika hapo baada ya tatu kuharibika. Ana miaka arobaini na moja. Jana alilia kwenye simu: "Mama, safari hii nakuhitaji. Usiniambie habari za pampu." Harusi yake waliikosa kwa sababu hiyo hiyo.

Cheka ukitaka. Lakini kuna mwaka umeme ulikatika siku mbili, pampu ikanyamaza, na chumba cha chini ya nyumba kikajaa maji hadi magotini. Wendell alichota, Arlene akapokea ndoo juu ya ngazi na kumwaga nje, kutwa kucha. Albamu za picha zilikwenda na maji, na mashine ya kufulia pia. Tangu hapo Wendell ana sheria moja: kuchota kunataka watu wawili, kwa hiyo habaki mtu mmoja peke yake nyumbani.

Dawa ilikuwepo, nayo ni betri. Umeme ukikatika, betri inaendesha pampu na watu wanalala. Dola elfu moja mia tatu na themanini, pamoja na kuifunga.

"Na kila miaka mitano inataka nyingine," Wendell alisema kila alipoombwa. "Hiyo si betri, ni mke wa pili."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Arlene zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumkimbia. Goti la Arlene lilipopasuliwa, Wendell alinunua mashine mpya ya kufulia akaifunga jikoni, ili mkewe asishuke ngazi tena. Zamani, kabla ya mafuriko, Arlene aliwahi kwenda kwa Trish akakaa miezi mitatu. Wendell alikula supu ya kopo kila siku, na siku ya kumpokea uwanja wa ndege alilia mbele za watu. Utamwachaje mtu kama huyo azame peke yake?

Barabara ilipochimbwa na kuwekwa mabomba mapya makubwa ya kuondoa maji ya mvua, jirani yao Peg aliiuza pampu yake kwa dola kumi, kwenye meza ya vitu chakavu mbele ya gereji. Wendell alicheka siku nzima. "Bwege yule. Iko siku atapiga mbizi kutafuta viatu vyake."

Safari hii, hata hivyo, Arlene alikuwa na siri. Kwaresima mbili mfululizo alikanda pierogi, sambusa za kuchemsha zenye viazi na jibini, akaziuza parokiani kila Ijumaa, na noti zote zilikuwa ndani ya kopo la unga. Wendell alipotoka tu kwenda kunyoa, Arlene alimpigia fundi.

"Egesha kwa jirani," alimwambia. "Sitaki mzee alione gari."

"Sawa, mama. Niwekee na ndoo ya maji karibu na shimo la pampu. Nikimaliza nitazima umeme, nimwage maji shimoni. Pampu ikinguruma, ujue betri imeshika kazi."

"Ndoo haikosi huko chini."

Fundi Dwayne alishuka amekumbatia betri. Arlene alibaki jikoni akipanga soksi za kitoto kwenye sanduku, akiimba, jambo ambalo hakumbuki lini alilifanya mara ya mwisho. Ndege ilikuwa kesho saa tatu asubuhi. Wendell akirudi atafoka, kisha atazoea.

"Mama!" Dwayne aliita. "Hebu shuka mara moja."

"Nina goti mimi, baba."

"Shuka tu, taratibu."

Alishuka ngazi moja moja, ameshikilia ukuta, mara ya kwanza baada ya miaka saba. Dwayne alikuwa amefunua shimo na kupiga magoti kando yake. Betri bado ilikuwa ndani ya boksi.

"Siwezi kukufungia hii, nitakuwa nakuibia," alisema. "Nyumba zote za mtaa huu siku hizi ziko hivi. Tazama yale mabomba mawili yanayoleta maji kutoka ardhini."

Akamulika tochi. Midomo ya mabomba yote mawili ilikuwa imezibwa na utando wa buibui, mzito, wenye vumbi la miaka.

"Lakini asubuhi imenguruma," Arlene alisema. "Kila nikitoa sanduku..."

Akageuka kutazama sakafu. Chini ya bomba la maji safi la ukutani, pale ilipokuwa mashine ya kufulia, kulikuwa na ndoo, na sakafu kuizunguka bado ilikuwa imelowa.

Juu, mlango wa jikoni ulifunguliwa. Nyayo zikaja, zikasimama karibu na sanduku.

"Arlene?" Wendell aliita. "Bado tu na hili sanduku? Ngoja nishuke nikaiangalie pampu."