Uso wa Mtu wa Ngazini

Picha za mashine zilikuwa hazisadikiki tena, kwa hiyo sheria ilikubali ushahidi mmoja tu wa mapenzi ya siri: mchoro wa ubao uliochongwa na mchongaji aliyekula kiapo. Mwanamume yeyote aliyechongwa kwenye dirisha la mwari aliuawa na jamaa za msichana, na hakuna aliyeshtakiwa.

Mishi, mchongaji wa mtaa, alimwona Shee, mtoto wa dada yake, akipanda ngazi hadi dirishani kwa Zena. Fumo, baba yake Zena, aliikuta ngazi. Akaenda kwa Mishi, ambaye dirisha lake lilitazamana na la Zena, na kumponda kidole kwa nyundo.

"Nichongee uso wake, bibi. Bado una vidole vingine."

Mishi akachonga dirisha, ngazi, na mkono wa Zena ulionyooshwa. Uso akaubuni, usiofanana na wa mtu yeyote aliyemjua.

Mchoro ukapigwa chapa karatasini, ukabandikwa mji mzima. Siku ya soko jamaa za Fumo wakamkamata mchuuzi mgeni mwenye uso kama ule, wakampiga kwa mipini ya majembe mpaka taya likavunjika. Mishi akaitwa.

"Ndiye?" Fumo akauliza.

Mgeni alimtazama kwa jicho lililosalia. "Mama, waambie."

Mishi alijua akikana, watamtafuta mwingine, na watamfikia Shee.

"Ndiye," akasema.

Shoka likashuka.

Mchana Shee alikuja kula kwake. Shee akamtolea Mishi miiba ya samaki, maana mkono wa Mishi wenye kidole kilichopondwa ulikuwa umefungwa.

"Mama mdogo, mbona huli?"

Mishi akamtazama usoni, akajaribu kumpenda kama alivyompenda jana.