Mkate wa Nungunungu

Enzi zile nchi nzima ilipokuwa na mwokaji mmoja, Nungunungu aliweka sharti: hupati mkate mpaka uusifu kwanza. Basi foleni yote ikawa inapaza sauti, "Mtamu! Mtamu kweli!" huku wazee wakiyashika mataya kwa kuhofia meno yao. Mwenyewe alikula mihogo yake ya kuchoma, mkate hajapata kuuonja, na akalala usingizi mnono akijua anapendwa.

Mara Mfalme Tembo akatangaza soko huria. Kesho yake Bata Mzinga akavuka mto na mikate laini, na foleni yote ikamhamia.

"Wasaliti!" Nungunungu akafoka, miiba imemsimama. "Si juzi tu walikuwa wakinisifu?"

Mkewe akacheka. "Baba watoto, hebu uonje na wewe."

Akauma. Akatafuna, akatafuna, mwisho akautema. "Lo! Na watu wamekula tofali hili miaka yote?"

Akaanika ile mihogo aipendayo, akaitwanga, akaukanda unga wake kwa tui la nazi, akaoka. Harufu ikatangulia sokoni, na wanyama wakaja mbio. Walinunua, wakala, kimya.

Nungunungu akaingiwa na hofu. "Jamani, mbona leo hakuna anayesifu?"

Nani amjibu? Vinywa vyote vilikuwa vimejaa, na Bata Mzinga mwenyewe, katikati ya foleni, alikuwa amenyoosha bawa kuomba kipande kingine.