Bega Lisilopokewa

Mwanamke ambaye Mbaruku hakumjua aliingia chumba cha mazoezi bila hodi, akamkuta akifuta vyuma ambavyo hakuweza tena kuvinyanyua.

"Ami, mimi binti yake Sudi. Baba amefariki. Tunazika alasiri."

Mbaruku aliketi. Katika filamu kumi na moja, Sudi ndiye aliyevaa nguo za Mbaruku na kuruka kutoka maghorofani badala yake, lakini picha zilizobandikwa mjini zilikuwa za Mbaruku. Siku Sudi alipovunjika nyonga, alicheka akasema, "Nikifa utanibeba, jitu zima wewe! Tena bila kupokewa." Mbaruku akaapa.

"Baba alitueleza habari za mgongo wako," mwanamke alisema. "Ukibeba mzigo hutatembea tena. Njoo uzike tu."

Alasiri Mbaruku aliingiza bega chini ya jeneza. Wengine walipokezana kila hatua chache, kama ilivyo desturi. Yeye alikataa.

"Mzee, acha sinema!" kijana mmoja alimwambia. "Tupe na sisi thawabu."

Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Aliuburuta, ukachora mfereji mwembamba mavumbini, na makaburi yalikuwa bado mbali.